Herufi Isiyosemwa

Shule yetu ina vyumba vitatu na tangi la gesi uani,
wanafunzi kumi na tisa, tangu chekechea hadi la kumi na mbili,
na mwalimu wa Kiingereza ni mmoja, mimi hapa,
Arlene Dvoracek, chaki kwenye mkono wa sweta,
kalamu nyekundu inayogoma baridi ikizidi.

Huku Nebraska mchanga ulijikunja ukawa vilima,
nyasi zikaufunika, ng'ombe wakafuata nyasi.
Januari upepo hauna adabu: hupita chini ya mlango
ukapekua daftari ambazo sijasahihisha.

Saa mbili na nusu nafundisha irabu.
Saa tatu wale wa la tano wanawaandikia bibi zao barua,
nukta zimetapakaa kama mbegu zilizomwagika garini.
Saa nne na robo ni ushairi, kwa vijana wenye samadi viatuni
wanaouliza shairi lamfaa nini
mtu aliyekesha akizalisha ng'ombe.
Nawaambia: sijui. Someni tena.

Wengine hudhani hii ni ngazi,
kwamba mtoto hupanda akayaacha ya chini.
Thubutu! Yule wa la sita bado anagombana na b na d,
na yule wa la kwanza juzi kaniambia theluji imechoka kuanguka,
nami nikatafuta kiti.

Sasa, Royce Kucera.
Darasa la kumi na moja, mabega mapana kama mlango wa ghala,
anasoma mawingu, anasoma chapa kwenye paja la ng'ombe,
anajua bei ya mnada kabla dalali hajavuta pumzi,
lakini ukifungua kitabu macho yake hutokea dirishani.
Miaka yote hiyo amejificha: zamu yake ikifika anakohoa,
anasahau nyumbani miwani ambayo hajawahi kuwa nayo.
Walionitangulia walijua, nadhani,
wakamsogeza mbele kama mtu anavyosogeza kabati.

Novemba alikuja mezani kwangu akitazama buti zake.
"Nikusaidie na wale wadogo?"
Nikasema ndiyo, upesi, bila kuinua uso;
ombi kama lile ni kulungu kando ya barabara,
ukilikazia macho limetoweka.

Basi akakalia kiti cha chekechea, magoti yakigusa kidevu,
akawasomea kitabu cha kuku, ndoo na kisu.
Opal Tesarik, miaka sita, pengo mbele,
akaweka kidole juu ya neno la kisu.
"Hiyo ya kwanza haisemwi."
"Kama haisemwi, inafanya nini hapo?"
Kijana hakuwa akijifanya.
Opal akafikiri. "Inakaa tu. Ndiyo iliyowahi kufika."

Ningewaeleza kwamba zamani ilisemwa,
kwamba midomo ilichoka, ila mkono ukakataa kusahau.
Sikueleza. Nilikuwa na insha za la tisa, na hita imezimika.

Mwezi Machi, kwa mara ya kwanza,
nilimwachia Royce ujumbe wa maandishi kwenye kile kiti kidogo:
Opal ana homa. Leo utawasomea peke yako.

Nilipopita tena nikaikuta karatasi, na chini yake, kwa penseli:
najua.

Kwa Kiingereza neno hilo nalo lina herufi ile bubu mbele.
Ukiiacha, sikio halitashtuka,
ila karatasi itasema hapana.
Alikuwa ameiweka. Kubwa, imeinama upande,
kama kigingi cha uzio kilichopigwa ardhi ikiwa barafu.

Kalamu nyekundu nilikuwa nayo, nimeipasha kwapani.
Nikaiacha humo humo.
Ng'ambo ya ukuta sauti yake ilikuwa imefika kwenye kisu.
Ikasita.
Watoto wakangoja, hakuna aliyenyoosha kidole.
Ikaendelea.